Maneno matamu au dadu: nani afungue lango?

MLETA MADA
Wakuu, naomba tulijadili hili bila vijembe, maana kikundi chetu kimeshampoteza mtu mmoja kwa sababu yake.

Tunacheza gemu la njozi mtandaoni kwa maandishi, kwa kanuni za Dungeons & Dragons toleo la tano, zile za 2014. Wachezaji sita na mwendesha mchezo mmoja, anayesimulia ulimwengu na kuamua matokeo; dadu ni ya pande 20, inarushwa na programu mbele ya macho ya wote. Mwezi uliopita tulifika usiku kwenye lango la mji, tukalikuta limefungwa. Bawabu yuko juu ya ukuta na taa yake, hataki kusikia la mtu. Mwenzetu mmoja anacheza mpiganaji: shoka, kifua kama mlango, haiba (sifa ya kushawishi watu) 8 tu. Akaanza kuandika. Jamani, aliandika. Mvua inavyogonga kofia yake ya chuma, damu ya mwenzetu inavyochanganyika na tope, na mtoto wa bawabu tuliyemkuta kijijini asubuhi akiuliza baba atarudi lini. Mistari kumi na kitu. Sote tulinyamaza kusoma.

Mwendesha mchezo akamwambia arushe dadu. Ikatoka 3. Kwa haiba 8 unatoa 1, ikabaki 2. Ilitakiwa 15.

Mwenzetu akauliza, "Sasa niliandika ya nini?" Mwendesha mchezo akasita kidogo, halafu akaandika kwamba bawabu amefuta machozi na kushuka kufungua.

Tulishangilia, na mimi nikiwemo. Asiyeshangilia ni anayecheza mganga, mwenye haiba 15. Aliandika neno moja tu: "Kumbe." Tangu kikao kile hajarudi.

Nimelifikiria sana hili. Unapounda mhusika kwa njia ya pointi unapewa 27 za kununulia sifa zake. Kupandisha sifa moja hadi 15 kunakula 9, yaani theluthi nzima. Kuiacha kwenye 8 hulipi kitu. Kwa hiyo mpiganaji alibana pointi zake, akazimwaga kwenye nguvu na ustahimilivu, kisha pale langoni akapewa bure kile ambacho mwenzake alikinunua. Mganga akieleza kwa ufundi jinsi anavyozungusha rungu, nani humwambia "umeeleza vizuri, basi umempiga"? Hakuna. Anarusha dadu kama sisi wote.

Msimamo wangu: dadu irushwe KABLA ya kuigiza. Ikitoka 3, igiza 3. Mpe mpiganaji maneno yanayomkwama kooni, amtaje mtoto wa bawabu kwa jina la mbwa wake. Ufundi wa kuandika hautapotea, utakwenda kwenye kushindwa vizuri. Nani anapinga?

MPENDA MAJIBIZANO
Napinga, tena kwa mikono miwili. Nikishajua nimeshindwa, kuandika kunageuka kazi ya kujaza fomu. Raha ya kuigiza ni kwamba naanza sentensi bila kujua itaniangusha wapi.

Halafu mfano wako wa rungu una tundu. Vitani nikipanda juu ya paa nikamvizia adui gizani, mwendesha mchezo ananipa nafasi nzuri zaidi ya kupiga, kwa sababu nimefanya jambo la akili. Kwa nini akili ihesabiwe vitani na isihesabiwe mdomoni? Kumkumbusha bawabu mtoto wake ni sawa na kupanda juu ya paa.

MLETA MADA
Hapo umenibana, nakiri. Lakini tutenganishe vitu viwili. Mtoto wa bawabu ni hoja. Mvua kwenye kofia ya chuma ni pambo. Hoja ipunguze ugumu, badala ya 15 iwe 10, sina ugomvi. Pambo lisipunguze hata nukta. Na mtu akisema kwa maneno matatu tu, "Mwanao anakuulizia", apate punguzo lilelile la aliyeandika mistari kumi.

MWENDESHA MCHEZO WA SIKU NYINGI
Mnasahau kwamba kanuni zenyewe zina mahali pa jambo hili. Katika toleo hilohilo la 2014, mchezaji anayeigiza vyema tabia, imani, au udhaifu wa mhusika wake anaweza kupewa msukumo na mwendesha mchezo. Akiutumia, anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa.

Tupige hesabu. Lengo ni 15. Mpiganaji wa haiba 8 anahitaji dadu itoke 16 au zaidi: asilimia 25. Mganga wa haiba 15 anaongeza 2, anahitaji 13 au zaidi: asilimia 40. Sasa mpe mpiganaji ule msukumo, arushe mara mbili. Anafika karibu asilimia 44. Amempita mganga! Kwa hiyo anayedhani kanuni na uigizaji ni maadui hajasoma kitabu chake. Ila msukumo ukishatumika umekwisha, mganga anabaki na 2 zake mchezo mzima. Na kama mganga amechagua ujuzi wa kushawishi, tangu kiwango cha kwanza anaongeza 2 nyingine, anakuwa na asilimia 50.

Lakini someni tena msukumo unatolewa kwa nini. Ni kwa kumwigiza mhusika WAKO, hawajasema kwa kuandika vizuri. Mtu wa haiba 8 aliyelelewa kambini, anayezungumza kama malenga, amemwigiza nani? Amejiigiza mwenyewe aliyeko nyuma ya kioo. Ile 8 kwenye karatasi ya mhusika ni sehemu ya uigizaji. Kwangu mimi mpiganaji wenu alivunja kanuni na kuigiza vibaya kwa pigo moja, na mwendesha mchezo akampa zawadi.

MPENDA MAJIBIZANO
Mkuu, hiyo kali. Kwa hiyo mtu mwenye haiba ndogo haruhusiwi kusema jambo la kugusa hata mara moja maishani mwake?

MWENDESHA MCHEZO WA SIKU NYINGI
Anaruhusiwa. Asilimia 25 ya maisha yake.

ASIYETAKA DADU
Mnajitesa. Tupeni dadu nje. Mwaka 1989 ilitokea TinyMUD, ulimwengu wa maandishi ambao haukuwa na viwango vya kupanda wala mazimwi ya kuua ili upate alama. Watu walijenga vyumba na kuongea, na walijaa. Sisi kwenye kikundi chetu tuna kanuni moja tu: andika unachojaribu, usiandike kinachompata mwenzako. "Narusha ngumi kuelekea shavuni kwako" inakubalika. "Nimekuvunja taya" unafutiwa.

MKONGWE WA SEVA KUBWA
Swali dogo tu. Ngumi ikirushwa, nani huwa anapigwa?

ASIYETAKA DADU
...Haya. Kusema kweli, mwaka wa pili huu kila mtu anakwepa. Tuna wauaji wanne wa kukodiwa na hakuna maiti hata moja.

MKONGWE WA SEVA KUBWA
Nilijua. Ndiyo maana mimi naipenda dadu, na kanuni zote zisizojua huruma: zinaleta mambo ambayo hakuna mtu angeyaandika kwa hiari yake. Agosti 1997, gemu la mtandaoni la Ultima Online likiwa bado kwenye majaribio, Richard Garriott, muasisi wake, aliingia mbele ya umati kama mfalme Lord British. Mhusika yule alipaswa kuwa hafi. Seva ilikuwa imeanguka na kuwashwa upya, na ile kinga haikuwashwa. Mchezaji mmoja akatupa uchawi wa moto, mfalme akafa palepale. Hakuna mwandishi wa hadithi aliyepanga. Ingekuwa ni kuigiza tu bila kanuni, mfalme angekwepa kama wauaji wako wanne, na leo tusingekuwa na cha kusimulia.

Ila mkumbuke kwamba mnabishana mkiwa na anasa. Mna mwendesha mchezo mwenye masikio. Mimi nimezeekea kwenye seva za uigizaji za World of Warcraft, zimekuwepo tangu gemu lilipotoka 2004. Kanuni za vita ni zilezile za seva nyingine, tofauti ni kwamba jina lako lisiwe la kipuuzi na uheshimu wanaoigiza. Mnapigana na joka usiku kucha, mnalishinda, mnalia, mnawazika wenzenu kwa hotuba. Wiki inayofuata joka liko palepale limekaa, linawasubiri kama karani ofisini. Mashine haikusikia hotuba yako. Kwa hiyo tunaigiza pembeni, baa na vichochoroni, kanuni zinabaki na mapango yao. Ndoa ya vyumba viwili.

MPITA NJIA
Richard Bartle, mmoja wa wawili waliounda MUD ya kwanza (gemu la maandishi la wachezaji wengi) pale Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, alishalimaliza hili 1996: kuna wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuvumbua, wanaopenda watu, na wanaopenda kuwashambulia wenzao. Nyie ni aina tofauti. Gawaneni, kila mtu acheze na wa kwao.

MLETA MADA
Mpiganaji wetu ni zote nne katika kikao kimoja. Tumgawe vipi?

MGANGA
Habari zenu. Mimi ndiye mganga. Nimetumiwa huu mjadala na mmoja wenu, nikaona nimesemewa sana, acha na mimi niseme.

Kwanza sikuondoka kwa sababu ya dadu. Zile pointi 9 hata sikuzikumbuka mpaka nilipozisoma hapa.

Nacheza kwa simu. Kioo kimepasuka upande wa kushoto, herufi a lazima uibonyeze kwa nguvu mara mbili, na Kiswahili bila a utaandika nini? Nikimaliza mstari mmoja, wenzangu wenye kompyuta wameshapita aya tatu. Usiku ule nilikuwa wa kwanza kuzungumza na bawabu. Niliandika: "Bawabu, mwanao anakuulizia." Yule mtoto mimi ndiye niliyemhoji asubuhi kijijini, rudini mkaangalie, wengine mlikuwa mnanunua kamba. Mstari wangu ulipotokea, mpiganaji alikuwa katikati ya mvua yake. Hakuna aliyejibu. Dakika mbili baadaye mtoto akatokea ndani ya maneno yake, na mkashangilia.

Sasa niulize wataalamu. Tukiingia vitani, kila mtu anarusha dadu ya kupanga zamu. Hata kama nina kidole kimoja, zamu yangu ikifika dunia nzima inasimama kunisubiri. Joka linasubiri! Kwa nini tukianza kuongea zamu inafutwa, anakuwa bingwa anayechapa haraka? Mnabishana dadu ije kabla au baada ya maneno. Mimi maneno yangu hayakufika kabisa.

MWENDESHA MCHEZO WA SIKU NYINGI
Naendesha michezo miaka mingi na hili sijawahi kuliona. Nilikuwa naita uigizaji "sehemu huru". Huru kwa nani, ndiyo swali. Naondoka na hilo, leo sina la kuongeza.

MPENDA MAJIBIZANO
Naogopa zamu zitaua majibizano. Watu wanaogombana hawapeani zamu. Lakini siwezi kumwambia mganga hayo usoni baada ya nilichosoma. Labda zamu zitumike pale tu kuna jambo la kupata au kukosa, kama lile lango. Porojo za njiani ziachwe zitiririke.

MLETA MADA
Nimerudi kuangalia kumbukumbu za kikao. Ni kweli. Mstari wako upo, saa 4:41 usiku, umebanwa katikati ya aya mbili za mpiganaji. Nilikuwa nipo na sikuusoma. Nimemtumia mpiganaji picha yake, anasema aliuona, akadhani ni wazo la kikundi, akalichukua. Hakuwa na nia mbaya, nami namwamini, ila ameniomba niandike hapa kwamba lango ulifungua wewe.

Jumamosi tunajaribu hivi: mazungumzo yenye jambo la kupata au kukosa yanakwenda kwa zamu, kama vita. Hoja inapunguza ugumu, nayo ni mali ya aliyeitoa kwanza. Kuhusu dadu kabla ya maneno, mpiganaji bado anakataa katakata, kwa hiyo hilo tutaendelea kugombana. Mganga, nafasi yako hatujampa mtu. Utakuja?

MGANGA
Nitakuja. Saa ngapi, nianze kuandika salamu sasa hivi.