Mtoto wa miaka tisa anahojiwaje katika shauri la malezi?

Mama wa Nkuhungu: Ndugu zangu, shauri letu la talaka linaendelea hapa Dodoma mjini, na hakimu amesema atamsikiliza binti yetu wa miaka tisa kabla ya kuamua akae na nani. Je, atasimamishwa mbele yetu wazazi amtaje anayemtaka? Shangazi yake ameshaanza kumlisha maneno.

Wakili wa Makole: Pole, dada. Kwa kawaida hakimu huzungumza na mtoto chemba, wazazi wakiwa nje, na mara nyingi afisa ustawi wa jamii huwapo. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaitaka mahakama izingatie maoni ya mtoto endapo ameyatoa kwa uhuru wake, na hapo ndipo shangazi anapowaharibia. Hakimu mzoefu haulizi "unampenda nani zaidi". Huuliza nani humwamsha kwenda shule, nani humsuka nywele, akiugua usiku humwita nani. Mtoto aliyefundishwa hujibu kabla hajamaliza kuulizwa, tena kwa maneno ya watu wazima kama "hanipi matunzo", na akiombwa aeleze maana yake hunyamaza.

Mama wa Nkuhungu: Kwa hiyo akisema anataka kukaa na baba yake, shauri limekwisha?

Wakili wa Makole: Hapana. Maoni yake hupimwa pamoja na mambo mengine, yakiwamo umri, jinsia, umuhimu wa kutowatenganisha ndugu na haja ya kutovuruga malezi aliyoyazoea. Ile dhana kwamba mtoto akae na mama inahusu walio chini ya miaka saba, na hata hiyo hupingwa kwa ushahidi, kwa hiyo usiitegemee.

Mstaafu wa Ustawi, Kondoa: Naongeza la ofisini kwetu. Mahakama ikiagiza uchunguzi, afisa hufika nyumbani kwa kila mzazi, huangalia mtoto analala wapi, na huzungumza na mwalimu wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaielekeza mahakama itafute ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto inapowezekana, ingawa hailazimiki kuufuata. Binti mwambie tu kwamba hakimu atazungumza naye, kwamba anaweza kusema "sijui", na kwamba mwamuzi si yeye. Akirudi, msimhoji aliyosema, na shangazi mkanye leo hii.