Yule mtangazaji wa saa kumi ANAKATAJE wimbo wa Thalía sekunde ya 11?! Halafu anacheka!

Fundi_Pindo (mleta mada)

Leo sina salamu, mtanisamehe. Natetemeka hapa.

Mnamjua. Yule wa salamu za jioni, mwenye kicheko cha mbuzi aliyemeza spika. Msijifanye hamumjui, huku mtaani kila duka limemfungulia yeye.

Wiki tatu namtumia meseji anipigie "Piel morena" ya Thalía, yule mwimbaji wa Mexico aliyecheza Marimar kwenye tamthilia, nimsalimie dada yangu. Wiki TATU. Kapiga za kila mtu, hadi za yule anayesalimia wapangaji wenzake kumi na wanne mmoja mmoja na vyumba vyao. Leo ndiyo nasikia jina langu. Nikasimamisha cherehani, nikamwambia mteja, mama nyamaza kwanza. Wimbo ukaanza, ile kumbia ikaingia, mabega yakaanza kucheza yenyewe. Sekunde 11, nimehesabu. KATA.

"Kumbe Marimar naye anaimba? Huyu si kabebwa na mume tu." Kicheko. Tangazo la mabati.

Mabati, jamani!

Kabebwa lini? Wimbo ni wa 1995, katunga Kike Santander, na kazi ya studio ina mkono wa Emilio Estefan. Ndoa na Tommy Mottola ni Desemba 2000. Hapo katikati alibebwa na nani, mbwa wake wa kwenye Marimar, Pulgoso? Tena huyo mume alikuwa bosi wa muziki Sony na mwanamke yuko kampuni ya EMI, kwa washindani! Alipohamia Sony ilikuwa 2009, mume kashaondoka pale tangu 2003. Kambebea wapi, mgongoni kwa nani?

Na hiyo "naye anaimba" ndiyo iliyonimaliza. Mtoto wa watu kaingia kundi la muziki la Timbiriche 1986, hata ubinti haujakolea. María Mercedes, Marimar, María la del Barrio, wimbo wa kufungulia kwa zote tatu ni sauti yake MWENYEWE. Kwa hiyo huyu bwana miaka yote alikuwa anaangalia tamthilia kaziba masikio?

Sekunde 11! Kwa sekunde 11 hata uzi siwezi kuutia kwenye sindano. Hata kiitikio hakijafika! Kwa hasira nikakanyaga pedeli bila kuangalia, sindano ikavunjikia ndani ya satini ya bibi harusi.

Mnakumbuka Angélica alivyoitupa bangili kwenye tope, Marimar akaambiwa aiokote kwa meno watu wanatazama? Ndivyo nilivyojiona leo mbele ya mteja wangu. Ila Angélica na roho yake yote ile hakuleta tangazo la mabati.

Kacheka, nyie. Kakata halafu KACHEKA.

Kijiti_cha_Meno

Nimewahi siti ya mbele. Muuza karanga yuko wapi?

Kobe_Mwendokasi

Mleta mada, umekula lakini?

Binti_wa_Mkwajuni

Pole dada. Mimi nilikuwa nasikiliza, nilikusikia jina. Ila ukweli usemwe, na wewe meseji yako ilikuwa ndefu kama barua ya posa. Mpaka anamaliza kuisoma, muda wa wimbo ulishaliwa.

Fundi_Pindo

Barua ya posa? Nimeandika mistari minne! Na kama muda umekwisha asipige kabisa, aseme "fundi, leo haiwezekani", nitaelewa. Si kukata. Unamwekea mtu sahani mezani, anachovya tonge, unaivuta. Wafilipino 1996 walimpokea kwa kishindo kwa sababu ya Marimar, mwaka uliofuata akawatolea albamu ya Nandito Ako, kaimba hadi Kitagalogi. KITAGALOGI. Huyu wetu salamu za Kiswahili tu zinamshinda kusoma.

Ngariba_wa_Rimoti

Mimi ni timu Paulina Rubio. Alikuwepo Timbiriche tangu inaanzishwa 1982, huyo wenu kaja baadaye kuziba nafasi ya Sasha Sökol. Mtangazaji amenikosea kitu kimoja tu, hizo sekunde 11 zilikuwa nyingi.

Fundi_Pindo

Toka hapa.

Ngariba_wa_Rimoti

Sitoki, nimelipia bando.

Mzee_Kigoda

Vijana mnagombania marudio. Hiyo María la del Barrio chimbuko lake ni Los ricos también lloran ya 1979, ya Verónica Castro. Na Verónica naye aliimba wimbo wa ufunguzi wa tamthilia yake. Mexico hilo ni jambo la kawaida, mwigizaji kuimba na mwimbaji kuigiza. Huyo Eduardo Capetillo aliyekuwa mpenzi wa Marimar naye katokea Timbiriche. Ile Los ricos ilifika hadi Urusi, watu wazima wakawa wanalia na makoti yao ya baridi. Sijamaliza.

Kijiti_cha_Meno

Mzee tunaomba umalize.

Soraya_wa_Uswazi

Tuambizane ukweli. María la del Barrio wengine tuliangalia kwa ajili ya yule mbaya, Soraya. Itatí Cantoral aliyemcheza, alivyomporomoshea matusi yule binti wa kiti cha magurudumu, mpaka leo kile kipande kinazunguka kwenye simu. Thalía analia, Soraya anafanya kazi.

Fundi_Pindo

Jamani tunazungumzia SEKUNDE 11. Turudi kwenye mada. Alikata kabla ya kiitikio!

Nyumba_ya_Tatu_Kushoto

Nikiwa hapa Nairobi naomba nilie na mimi. Aliyekuwa akiweka sauti za Kiingereza kwenye hizi tamthilia alituonea sana. Mwanamke anachezesha mdomo sentensi tatu na machozi juu, kinachotoka ni "ndiyo". Halafu baba, padri na daktari wote sauti moja. Mimi miaka mingi nilidhani ni ndugu.

Kobe_Mwendokasi

Hahaha, padri na daktari! Kwetu ilikuwa ni umeme. Kila ikifika siku ya harusi, umeme unakatika. Sijawahi kuona harusi hata moja ya Mexico ikiisha. Najua wanafika mlangoni tu.

Binti_wa_Mkwajuni

Mlangoni anasimama mtu anasema "ndoa hii haiwezekani". Hujapoteza kitu.

Shela_Nyeupe

Samahani, naomba kuuliza. Hiyo satini iliyovunjikiwa sindano ni ya rangi gani?

Fundi_Pindo

Kwa nini unauliza?

Shela_Nyeupe

Naomba tu rangi.

Kijiti_cha_Meno

KARANGA! Nani ana karanga!

Fundi_Pindo

Ya maziwa. Ila ziko nyingi za maziwa mjini, dada. Na aliyevunja sindano ni yule bwana na kile kicheko chake, si mimi.

Shela_Nyeupe

Ya maziwa, mkono wa puto, vifungo kumi na viwili mgongoni?

Ngariba_wa_Rimoti

Hata Televisa wenye hizi tamthilia hawajawahi kuandika hii.

Shela_Nyeupe

Fundi, mimi nimelipa nusu. Harusi ni Jumamosi. Juzi uliniambia bado vifungo tu. Kumbe umekaa unamsubiri Thalía?

Kobe_Mwendokasi

Uzi umebadilika wenyewe. Tuseme sasa na sisi. Suruali ya sare ya mwanangu iko kwa fundi tangu shule zifungwe, mtoto kashafungua na kafunga tena.

Nyumba_ya_Tatu_Kushoto

Wangu alinishonea suti kwa kipimo cha mtu mwingine. Nikimuuliza anasema itajinyoosha. Suti, ijinyooshe!

Soraya_wa_Uswazi

Mimi nilikuta kitambaa changu kwenye vazi la mke wa fundi. Msibani. Nikashindwa nianze kulia kwa lipi.

Mzee_Kigoda

Naendelea. Mwaka 1979, wakati huo...

Binti_wa_Mkwajuni

Mzee subiri, kuna mambo mazito hapa. Fundi jibu. Kitundu cha sindano kimeonekana au hakijaonekana?

Fundi_Pindo

Ni kidogo. Nitaweka ua juu yake. Lakini hakuna hata mmoja wenu anayezungumzia kwamba mtu KAKATA WIMBO na KACHEKA.

Shela_Nyeupe

Ua gani? Sikuagiza ua. Nguo nakuja kuchukua lini?

Fundi_Pindo

Njoo kesho jioni.

Kobe_Mwendokasi

ALISEMA! Amesema "njoo kesho"!

Shela_Nyeupe

Kesho saa ngapi?

Fundi_Pindo

Baada ya kipindi cha salamu.

Mtoto_wa_Kolomije

Nimechelewa kufika, sijasoma huko juu. Kwani Pulgoso mwishoni alikufa?