MREJESHO: Mshahara mkubwa kwenye ombi la EB-1A

Wakuu, niliuliza humu nithibitisheje mshahara mkubwa, moja ya vigezo vya EB-1A (green card ya Marekani kwa wenye uwezo wa kipekee), baada ya kuletewa barua ya uhamiaji ya kudai ushahidi zaidi. Majibu yametoka: ombi limepita!

Mwanzo niliambatanisha barua ya mwajiri na hati za mshahara tu. Namba peke yake haisemi kitu, lazima uilinganishe na wenzako wa kazi ileile, eneo lilelile. Safari hii niliweka fomu za W-2 (zinazoonyesha mshahara na kodi ya mwaka) za miaka 3 na takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za jiji langu, nikapigia mstari kwa wino mwekundu kiwango ambacho watu 90 kati ya 100 hawakivuki. Mimi nimekivuka.

Aliyenishauri nikague msimbo wa kazi (namba inayotambulisha aina ya kazi kwenye takwimu hizo), Mungu akubariki sana. Ule niliouchukua kwanza ulikuwa wa mameneja, siyo wa kazi yangu!