Linki za kamisheni na matangazo: msomaji aambiwe wapi?

Swali: Wakuu, blogu ya samaki wa mapambo ina linki za kamisheni za Amazon na matangazo ya AdSense (ya Google). Msomaji aambiwe wapi, kwa maneno gani?

Jibu 1: Mkuu, juu, kabla ya linki ya kwanza, chini kabisa ya ukurasa hakuna anayefika. Andika: "Ukinunua pampu kupitia linki hii napata kamisheni, bei yako haiongezeki." Ongeza tamko rasmi la Amazon (kwamba unalipwa kama mshirika wao), ni sharti lao. Kwenye msimbo (code) wa linki weka rel="sponsored", alama ya kuiambia Google kuwa linki ni ya kulipwa; Google waliileta 2019.

Jibu 2: Bei ya bidhaa ya Amazon usiiandike kwa mkono, inabadilika. Akaunti mpya ya kamisheni za Amazon isipopata mauzo 3 ndani ya siku 180 inafungwa, na kujinunulia mwenyewe hakuhesabiwi (wapo wanaojaribu!).

Jibu 3: AdSense hailipi chini ya dola 100. Ukifikisha dola 10 wanatuma PIN (namba ya kuthibitisha anwani yako) kwa posta, kwa hiyo sanduku la posta likikosewa namba, hela inakaa hukohuko. Tangazo lisikae chini ya kichwa "Vifaa ninavyopendekeza". Huko ni kumdanganya msomaji, na wanakataza. Liandikwe "Matangazo", basi.