Nairobi Half Life: ni filamu yetu au ya Wajerumani?

Kijana wa Makadara
Assalamu alaykum. Jana usiku niliitazama tena Nairobi Half Life ya mwaka 2012 pamoja na mjomba. Ilipokwisha alisema kwamba filamu iliyotengenezwa kwa fedha za Ujerumani haiwezi kuhesabiwa kuwa yetu, na kwamba wageni waliisifu kwa sababu inatuonyesha tukiiba vipuri vya magari na kuuana. Nilinyamaza kwa heshima, lakini sikuridhika, kwa sababu yule Mwas, anayetoka kijijini akitamani uigizaji na kuporwa siku ile ile anapoingia mjini, ni kijana ninayemfahamu. Je, mjomba ana haki?

Bi Kibokoni
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Ana haki ya kuuliza fedha zilitoka wapi, ila asiishie hapo. Kampuni ya One Fine Day Films, ya mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ilishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi kwa utaratibu wa warsha, ambapo wakufunzi kutoka nje walikaa na vijana wetu, kisha vijana hao wakaingia kazini. Aliyeongoza ni Tosh Gitonga, nayo lugha ni Kiswahili, Kikuyu na Sheng. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Haikuteuliwa, na tuzo ilichukuliwa na Amour, iliyopelekwa na Austria ingawa ilizungumza Kifaransa na kugharimiwa pia na Ufaransa na Ujerumani. Kama Austria iliruhusiwa kuiita yake, sisi tunakatazwa na nani?

Mpenda Sinema, Tudor
Nakubaliana na Bi Kibokoni, na naongeza kuwa si Wazungu pekee walioisifu, kwani katika tamasha la Durban mwaka huo huo Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora. Hata hivyo mjomba asipuuzwe. Anayetoa fedha huwa na sauti katika kuchagua hadithi ipi itengenezwe, na mimi mtu wa Pwani bado naisubiri ya kwetu. Lakini kuhusu uhalifu namkatalia kabisa. Filamu hii haiwaonyeshi wezi tu. Inawaonyesha pia askari wanaopokea mgao wa wizi na baadaye kuwaua wale wale waliokuwa wakiwalipa, jambo ambalo mtazamaji wa hapa halihitaji kufafanuliwa, na ambalo mtengenezaji anayetaka tu kumfurahisha mgeni angeliacha nje.

Kijana wa Makadara
Ahsanteni sana. Hilo la askari sikulitaja mbele ya mjomba, nami naona ndilo lililomgusa zaidi, kwa kuwa alitulia kimya tangu pale hadi Mwas alipotoka katika mauaji yale na kupanda jukwaani kuigiza. Ijumaa baada ya swala nitamsomea majibu yenu.