Tupeane uzoefu: mteja anaondoka na dawa, je, anaondoka na maelezo?

Kaunta ya Ujiji: Mtu akisema "nipe mseto", yaani dawa ya malaria, huku kanyoosha noti, wengi tunatoa tu. Wewe unamwambia nini kabla hajageuka?

Fundi Dawa, Mwanga: Kwanza kipimo, si kila homa ni malaria. Mwenye uzito wa kuanzia kilo 35 ni vidonge 4 mara 6, jumla 24. Ukimwambia "asubuhi na jioni" umeshamwangusha, maana dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza. Akianza saa 2 usiku, aamke saa 10 alfajiri ameze. Ya tatu saa 2 usiku unaofuata, zilizobaki kila baada ya saa 12. Ale chakula chenye mafuta, la sivyo lumefantrini, dawa mojawapo iliyomo kwenye mseto, haiingii vizuri mwilini. Mboga iliyoungwa kwa mawese yatosha. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi. Homa ikishuka siku ya pili, ndipo vidonge 8 vya mwisho vinawekewa mgonjwa mwingine. Mkanye mapema.

Mama Kibirizi: Kweli tupu. Mawese kila mtu anayo.

Isevya: Mimi nawaambia wanywe na maziwa, dawa zote.

Fundi Dawa, Mwanga: Hapana, ndugu yangu. Maziwa yanafaa kwa mseto, lakini madini yake ya kalisi huishika tetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria, tumboni isifyonzwe.

Kasulu Juu: Parasetamoli ndiyo inayonitisha. Bahasha imeandikwa 2x3, yaani vidonge 2 mara 3 kwa siku, halafu anaongezewa dawa ya mafua, nayo ina parasetamoli ndani. Nyumbani jirani anampa nyingine ya kichwa. Mtu mzima mwisho wake ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akizidisha sana, anatapika kidogo, kisha anapata nafuu na ndugu wanashukuru. Kumbe ini linaharibika kimya kimya. Siku ya tatu macho yanageuka manjano. Asetilisisteini, dawa ya kupinga sumu hiyo, huokoa vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu ameze, kwa hiyo asingoje dalili, apelekwe hospitali. Muulizeni kila mteja: "Umemeza nini kingine tangu jana?"

Mama Kibirizi: Ee Mungu. Na mteja wa kusafiri kwa boti akishapanda, humpati tena.

Nzega: Vipi mwenye hela ya kapsuli 6 za amoksilini, dawa ya kuua bakteria, naye ameandikiwa 15? Mimi nampa, bora kidogo.

Kaunta ya Ujiji: Unamkosea, dada. Kama ni mafua ya virusi, hata moja haihitaji. Kama cheti kinasema 15, ni 15.

Nzega: Zahanati ni mbali, na usiku umeingia. Nimfukuze?

Kasulu Juu: Usimfukuze. Tafuta namna alipe iliyobaki kesho, ila dozi atoke nayo nzima. Na 1x3 usimwachie hivyo hivyo, mwandikie: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kisha akusomee yeye mwenyewe.

Isevya: Hilo la kuandika saa nalichukua. Na la maziwa nimesikia.