Mbwa aliyeondolewa kwenye mafunzo ya kuongoza wasioona: niulize nini?

Wakuu, nimekubaliwa kumchukua. Niangalie nini kabla ya kusaini?

Jibu 1: Sababu ya kuondolewa, kwa maandishi. Woga wa ngurumo unataka subira. Nyonga mbovu zinataka daktari maisha yote, kwa hiyo omba picha za eksirei. Kama ana tabia ya kufukuza paka na wewe una paka, usimchukue.

Jibu 2: Omba pia orodha ya amri, neno kwa neno. Ukibadilisha neno ataonekana mkaidi, kumbe hajaelewa. Chakula kipya kianze robo ya mlo, kingine kiwe kile alichozoea, ukiongeza kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10, la sivyo ataharisha.

Jibu 3: Tafadhali usimvishe koti la kazi. Sasa ni mbwa wa nyumbani.